Mteremko Nyuma ya Nyumba ya Ojulong

Zakaria Ojulong alipostaafu kazi ya miti mjini Tororo, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na moja, alikuwa amepanda mijakaranda mia tatu na kumi na saba. Idadi hiyo aliijua kwa kichwa. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye kitalu cha mji, kwanza mchimba mashimo, mwishoni nyapara, na barabara yote inayopanda kwenda kwenye nyumba za Wazungu chini ya Jabali, ule mwamba mkubwa wa Tororo, ilikuwa kazi ya mikono yake. Siku za soko, akipita na mkewe chini ya maua yale ya zambarau, hakuweza kunyamaza.

"Huu ulikuwa umepinda kama mundu, nikaufunga kigingi," angesema. "Na huu uliliwa na mbuzi ungali mchanga. Nilidhani umekufa."

Mkewe, Nasirumbi, alikuwa Msamia wa Buhehe, na habari za miti hiyo alikuwa amezisikia tangu ujana wake. Yeye na Ojulong, aliyekuwa Mteso wa Osukuru, walioana pasipo mmoja kujua lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili cha sokoni ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yao. Baadaye kila mmoja alijifunza lugha ya mwenzake, lakini ugomvi waliendelea kuufanya kwa Kiswahili.

"Baba Elinah," Nasirumbi alimwambia siku moja, mzigo wa samaki wakavu kichwani, "watu wa mji huu wote umewapa kivuli. Mimi nafua nguo kwenye jua."

Neno lile lilimwingia Ojulong. Nyumba yao ilikuwa Osukuru, kwenye shamba aliloachiwa na babake. Mbele palikuwa na uwanja mdogo tambarare. Nyuma, hatua kumi tu kutoka mlango wa jiko, ardhi iliporomoka kuelekea korongoni, ikitazama machweo. Tangu saa nane mchana jua lilipiga pale bila huruma. Udongo ulikuwa mwekundu wenye kokoto, shubiri tatu au nne tu, halafu mwamba. Mvua ikinyesha, maji yalipita mbio yasipate nafasi ya kuzama. Kiangazi kikija, mwamba ulitoa joto hadi magharibi. Na hapo ndipo Nasirumbi alipokuwa na jiwe lake la kufulia, uchanja wake wa vyombo na moto wake wa kupikia.

Basi alipostaafu, Ojulong aliazimia kwamba huko nyuma patakuwa na bustani kama za wakubwa. Hakutaka miembe wala michungwa. "Miti ya kula kila mtu anayo," alisema. Alitaka miti ya maua, ya kutazamwa, na mtu akifika nyumbani kwake ajue kwamba hapa pana fundi.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata alileta miche sita ya mjakaranda kutoka mjini. Alipima kwa kamba, akachimba mashimo ya futi mbili kila upande, akapanda kwa mstari ulionyooka kama barabara. Siku ya nne mvua kubwa ilishuka. Mashimo yake, yaliyokuwa yamelegeza udongo mlimani, yaligeuka mifereji. Asubuhi miche miwili haikuonekana kabisa, na udongo wa mashimo yote ulikuwa umelala juu ya wimbi, yaani ulezi, la mdogo wake, Okurut, aliyelima kipande cha chini.

Okurut alipanda juu, miguu imejaa tope. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya taratibu iliyomkera Ojulong kuliko kelele.

"Kaka," alisema, "wimbi langu limefunikwa."

"Mvua imefanya hivyo, si mimi."

"Mvua imenyesha hapa tangu tuzaliwe. Udongo haukuwahi kushuka namna hii."

Ojulong alimwahidi kwamba mizizi ikishika, udongo hautashuka tena. Alikuwa na hakika. Miche minne iliyobaki ilichipua vizuri mpaka mwezi wa kumi na moja. Kisha mvua ikakatika, majani madogo madogo yakaanza kukunjamana, na Ojulong akamwambia mkewe kwamba miti inahitaji debe moja kila mmoja, mara mbili kwa juma.

Nasirumbi aliweka chini mwiko. Chemchemi ilikuwa chini kabisa, ng'ambo ya korongo.

"Mimi nashuka kisimani asubuhi, napanda na debe. Nashuka jioni, napanda na debe. Hiyo ni ya kupika na kunywa. Sasa unataka nishuke tena, nilete maji kwa mti ambao hata kumbikumbi hauzai?"

"Wewe ndiye uliyetaka kivuli."

"Nilitaka kivuli. Sikutaka mtoto mwingine wa kunyonyesha."

Kwa hiyo Ojulong alibeba mwenyewe, madebe mawili kwenye mti begani, mzee wa miaka hamsini na sita akipanda mlima kwa kusimama kila hatua ishirini. Wanawake waliokuwa kisimani walimpisha kwa heshima, na alipowapa mgongo alisikia kicheko. Mwezi wa kwanza kiuno kilimkatika, akalala siku tisa. Alipoinuka aliikuta miche imelala nayo. Mchwa walikuwa wameikata shingoni, pale shina linapogusa udongo, wakati imechoka kwa kiu. Aliivuta kwa vidole viwili, ikatoka kama vijiti vya kiberiti.

Hakukata tamaa, au tuseme alikuwa na hasira nyingi kiasi cha kutoona kwamba amekata tamaa. Mwaka wa pili alichagua mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaotandaza matawi kama mwavuli. Aliueleza kwa Nasirumbi kwa fahari: mizizi yake hutambaa mbali, kwa hiyo utashika udongo, majani yake ni madogo, kwa hiyo hautoi jasho jingi. Alipanda minane kwa mistari miwili, mmoja ukingoni kabisa na mwingine juu yake kidogo, yote upande wa chini wa mteremko, karibu na shamba la Okurut, kwa kuwa hapo udongo ulikuwa mzito zaidi.

Okurut safari hii hakupanda juu kuzungumza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkungu, mkuu wa kijiji chao, mzee mmoja aliyeitwa Imalingat. Mkungu alikuja akiwa na karani wake na wazee wawili, wakasimama kwenye jua wakiitazama miche iliyokuwa kimo cha goti.

"Hiyo si miti," Okurut alisema kwa sauti yake ile ya taratibu. "Hiyo ni mpaka. Nani anapanda miti kwa mstari, mti usioliwa, kama si kukata mpaka? Leo mstari uko hapo. Kesho mizizi iko kwangu, halafu watoto wake watasema kivuli kinapofika ndipo shamba lao linapofika."

"Mimi napanda kwa mstari kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa!" Ojulong alipaza sauti. "Miaka ishirini na miwili nimepanda kwa mstari! Nilikuwa nakata mpaka wa nani pale mjini?"

Mmoja wa wazee alisema polepole kwamba hilo nalo ni swali, maana upande ule wa mji uliopandwa miti ndio upande ambao wao wenyeji walihamishwa wasirudi kulima tena. Hakuna aliyecheka.

Imalingat aliamua katikati, na uamuzi huo haukumridhisha yeyote. Miti minne ya ukingoni ing'olewe. Minne ya juu ibaki. Na kwa kuwa udongo wa Ojulong ulikuwa umeshaharibu wimbi la mdogo wake, Ojulong ajenge kizuizi cha mawe kukata mteremko, kimo cha magoti, kabla ya mvua za mwezi wa tisa.

"Nijenge ukuta kwenye shamba langu kwa ajili ya wimbi lake?" Ojulong aliuliza.

"Ndiyo," mkungu alijibu, akavaa kofia yake.

Alijenga. Majuma matano alibingirisha mawe, akiyapanga kwa ghadhabu, akilalamika kwa sauti ili Okurut aliye chini amsikie. Ukuta ulipinda kama mwezi mchanga, kwa sababu mwamba haukumruhusu kunyoosha, na hilo nalo lilimuudhi. Kila alipoutazama aliona aibu. Mtu aliyetengeneza viwanja vya wakubwa, sasa ana rundo la mawe nyuma ya jiko, tena limepinda.

Mikrismasi minne iliyobaki ilikufa mmoja mmoja. Wa kwanza uliliwa na mbuzi. Wa pili mchwa. Wa tatu ulinyauka tu, bila sababu aliyoweza kuieleza. Wa nne uliishi mpaka katikati ya mwezi wa pili, ukiwa na jani moja, na Ojulong alikwenda kulitazama kila asubuhi. Siku jani lile lilipodondoka, alivaa koti lake la kazi, akapanda baisikeli, akaenda Tororo.

Kwenye kitalu alimkuta Oriokot, mtu wa miaka arobaini aliyekuwa chini yake zamani na sasa ndiye nyapara. Oriokot alimpokea vizuri, akamletea kiti, akaamuru chai. Ojulong alimweleza yote: mashimo, mstari, mchwa, mbuzi, jua la alasiri. Oriokot alisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, mnamwagilia kwa kitu gani?"

"Kwa bega langu."

Oriokot alitikisa kichwa. "Mzee umesahau. Hapa kila mti tuliupa maji miaka miwili. Gari la ng'ombe lilikuwa linapita na pipa, asubuhi na jioni. Na bado liko. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unaniamsha niende kulijaza."

Ojulong aliweka kikombe chini.

"Sasa pale pasipo na maji," aliuliza, "pale kwenye mwamba, mteremko, jua. Mnapanda mti gani?"

Oriokot alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hatupandi," alisema.

Ojulong alirudi akisukuma baisikeli, ingawa njia ilikuwa nzuri. Alimwambia Nasirumbi baadaye kwamba safari ile ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote alizowahi kwenda. Miaka ishirini na miwili alijiona mtu wa miti. Kumbe alikuwa mtu wa pipa. Ondoa pipa, hakuna alichokuwa anajua ambacho mkulima yeyote wa kijiji cha Mwello hakijui.

Lakini kwa kuwa alikuwa anatembea na amechoka kujitazama, alianza kutazama kando ya njia. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi. Na pale, juu ya genge lisilo na udongo wowote wa maana, palikuwa na mti uliopukutika majani yote na kujaa maua mekundu kutoka shina hadi ncha, mashada kama makaa ya moto. Ulikuwa mti wa porini. Alikuwa ameupita maelfu ya mara. Aliegemeza baisikeli, akapanda genge, akalikagua gome lake lenye miiba. Hakuna aliyeumwagilia huo. Na alijua kwamba mti ule huota kwa kukatwa tawi na kuchomekwa ardhini.

Alifika nyumbani na matawi matano mgongoni, manene kama mkono wa mtu, karibu anacheka. Nasirumbi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Alipoona alichobeba, alisimama.

"Hiyo ni omurembe."

"Ndiyo. Maua yake mekundu, haihitaji maji, mchwa hawaigusi sana. Nilikuwa kipofu, mama Elinah."

"Haiingii hapa."

"Kwa nini?"

"Kwetu watu wanaapia mti huo. Wakigombana mpaka mambo yashindikane, wanauchoma kwa mkuki wakiapa, na yule mwongo anakufa na watu wake. Hatuupandi nyuma ya jiko. Mimi nipike ugali chini ya kiapo?"

"Sisi Wateso hatuna habari hiyo. Na wewe ni mtu wa kanisa! Umebatizwa, unakula meza ya Bwana, halafu unaogopa mti?"

"Mimi siogopi. Nasema haiingii." Akarudi kwenye sufuria. "Ukiipanda, jiko ninalihamisha mbele ya nyumba, wageni wapite kwenye moshi."

Ojulong alijua kwamba mkewe akisema, anafanya. Yale matawi yalilala ukutani mpaka yakakauka.

Siku ile ugomvi wao ulikuwa mrefu, na mwisho wake Ojulong aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Basi wewe unataka mti gani? Sema! Miaka yote hii sijakusikia ukitaja mti."

"Hujauliza," alisema Nasirumbi. "Nataka gasiya."

Gasiya ndivyo watu wa huko wanavyouita mjohoro. Ojulong alihisi kama ametukanwa. Mjohoro! Ule mti uliopandwa kwa ekari kuwapa gereza na stesheni kuni! Pale kitaluni mbegu zake hawakuzihesabu hata, walizichota kwa kopo.

"Huo ni mti wa kuni."

"Una maua ya manjano. Na uko kijani hata sasa. Nenda misheni ukatazame."

"Mama Elinah, huo ni mti wa kuni! Mtu akija hapa akaona gasiya, atasema Ojulong amepanda kuni!"

"Sasa hivi akija anaona mawe."

Lakini mwezi wa tatu Nasirumbi alikwenda Buhehe kwenye mazishi ya shangazi yake, na aliporudi alikuwa na mbegu zimefungwa kwenye pembe ya leso. Hakumwomba Ojulong chochote. Nyuma ya ukuta wa mawe, upande wa juu, udongo uliokuwa ukikimbilia kwa Okurut ulikuwa umeanza kujikusanya, shubiri nzima na zaidi, mweusi kidogo kwa majani yaliyooza. Na maji yake ya kufulia, ambayo zamani yalipotea korongoni, sasa yalituama pale na kumletea tope. Tope hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Alitaka kitu cha kulinywa. Alitoboa vishimo kwa kidole, akatumbukiza mbegu mbilimbili, akaenda kupika.

Ojulong aliona, akasema mbegu hizo zilipaswa kumwagiwa maji ya moto kwanza, ganda lake ni gumu. Kati ya mbegu kama ishirini, ziliota saba. Ojulong alisema, "Nilikwambia." Mbuzi walikula mbili. Kuku alifukua moja. Moja ilikufa tu. Zilibaki tatu, na hazikuwa kwenye mstari wowote. Mbili zilikaribiana mno na ya tatu ilikuwa peke yake kama imetupwa.

"Zihamishe, uzipange," Ojulong alisema.

"Ziache."

Kiangazi kilikuja, na Ojulong akaingoja siku ya kuzing'oa kwa vidole viwili. Hakuiona siku hiyo. Maji ya nguo yalikwenda pale, maji ya vyombo yalikwenda pale, na mawe yaliyazuia yasishuke. Alikuta anazunguka huko nyuma asubuhi bila sababu. Siku moja alichukua majani makavu ya migomba akayatandaza kwenye mashina, akihakikisha hayagusi gome, ili mchwa wapate cha kula mbali na mti. Alifanya hivyo Nasirumbi akiwa sokoni. Mkewe aliporudi akayaona, na jioni alimpa kipande kikubwa cha samaki.

Mwaka wa hamsini na saba mijohoro ilikuwa imepita paa. Mwezi wa nane ilichanua, manjano juu ya kijani, na nyuki wakaja. Watu waliopita njia ya juu walisimama. Hata Okurut, ambaye wimbi lake lilikuwa halijafunikwa na udongo tangu ukuta ujengwe, alisema, "Kaka, sasa kweli umetengeneza." Ojulong aliguna. Kusifiwa kwa mti wa kuni kulimuuma kuliko kuchekwa kisimani.

Lakini alianza kuketi pale. Alipeleka kiti chake. Aliuchagua ule mti wa peke yake kuwa wake, akaupogoa matawi ya chini, akaufanya shina moja safi, refu, lenye kichwa cha mviringo. Kwa mara ya kwanza tangu aache kazi alikuwa na mti wa kutazamwa.

Miezi sita baadaye alirudi kutoka kanisani akaukuta umelala chini.

Nasirumbi alikuwa anautoa matawi kwa panga. Nguzo mbili za ghala la wimbi zilikuwa zimeliwa na mchwa, ghala limeinama, na mavuno yako mlangoni. Shina lile lilikuwa ndilo lililonyooka.

Ojulong alisimama mlangoni mwa jiko, Biblia mkononi.

"Ule," alisema. "Kati ya mitatu. Ule."

"Hiyo mingine imepinda, baba Elinah. Itachipua tena. Gasiya inachipua."

"Nilikuwa naupogoa!"

"Ndiyo sababu umenyooka," alisema Nasirumbi, naye alisema kwa shukrani ya kweli, jambo lililozidisha ubaya.

Tangu Jumapili hiyo hadi Alhamisi Ojulong hakumsemesha. Alikula, alikwenda kulala, alihamisha kiti chake mbele ya nyumba kwenye jua. Ghala lilisimama wima. Siku ya Alhamisi mvua ndogo ilinyesha, na juma lililofuata kisiki kilitoa machipukizi tisa kwa mpigo, kila upande, kama nywele za mtu aliyeamka. Ojulong aliyatazama kwa chuki. Umbo lilikuwa la ufagio. Lilikuwa ni kila kitu alichofundishwa kukizuia.

Hakuyapunguza. Aliyaacha yote tisa, na baada ya mwaka mmoja kivuli chake kilikuwa kipana kuliko cha mwanzo, kikafunika jiwe la kufulia na nusu ya uchanja. Nasirumbi alifua hapo mchana, kitambaa kichwani kimelegea, akiimba nyimbo za kanisa kwa Kisamia. Alimwambia mumewe arudishe kiti. Alikirudisha, lakini alikigeuza kikatazama korongo, asiuone mti wenyewe.

Elinah, binti yao, alipoolewa, wageni walikula chini ya miti ile. Padri mmoja alimuuliza Ojulong kama ndiye aliyepanda, maana amesikia alikuwa fundi wa miti mjini.

"Ni mama yake Elinah," Ojulong alijibu. "Lakini pale, Padri, palifaa mjakaranda." Akamshika mkono padri wa watu, sahani ikiwa bado na nyama, akampeleka mpaka ukingoni kumwonyesha mahali gani hasa, na ni mashimo ya kiasi gani.